Kiambaza cha Bibi Kokugonza

Siku mliyoniaga, ninyi mafundi vijana wa huku Karagwe mliniuliza siri ya kuipendezesha nyumba. Nikawajibu kwa mzaha kwamba siri ni kumaliza kazi kabla mwenye nyumba hajabadili mawazo. Mkacheka, mkamaliza pombe yangu ya rubisi, mkaondoka. Mimi nikabaki na aibu, kwa sababu jibu la kweli ninalo na sikulitoa. Ninalitoa sasa kwa kalamu, asubuhi asubuhi, mikono yangu ikiwa bado haijaanza kutetemeka.

Kazi yetu haina vyeo, kwa hiyo sitawachosha na habari za nani alinipandisha. Watu waliniita fundi wa ndani. Mwashi alisimamisha kuta, seremala akaweka milango, mwezekaji akaezeka, kisha nikaja mimi. Sakafu ilikuwa yangu, na viambaza vya kugawa vyumba, rangi, mapazia, na shauri la kitu gani kikae wapi. Wengine walisema hiyo si kazi ya mwanamume mzima. Hao hao walinitafuta kila walipotaka kuoza binti.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa Mzee Katabaro wa Bweranyange. Nilimwendea nikiwa na ndevu za kwanza, miaka michache baada ya Waingereza kuishika nchi. Katabaro alitengeneza ndani za misonge, zile nyumba zetu za mviringo za nyasi, na hasa alisifika kwa viambaza vya matete. Tete lilikatwa kiangazi, likamenywa, likapangwa kwa unene wake, kisha likashonwa kwa sindano ya mfupa na nyuzi za mafunjo. Nyuzi nyingine zilizikwa kwenye tope la bondeni mpaka zikawa nyeusi tii. Kwa nyeusi na nyeupe alipiga michoro ya pembe na mistari ya mshazari, na kila alipomaliza safu alifunga fundo lake dogo lenye mkia uliolala kushoto. Fundo hilo lilikuwa sahihi yake. Hakujua kusoma wala kuandika.

Siku yangu ya kwanza hakunipa kazi. Tulikwenda kwenye nyumba ya mfugaji mmoja, tukaketi ndani tangu jua linachomoza mpaka ng'ombe wakarudi. Nilidhani tumekuja kunywa pombe, na kweli pombe nayo ilihusika. Jioni Katabaro akaniuliza, "Mama wa nyumba hii anapika ameelekea wapi?" Sikujua. "Mtoto mdogo analala upande gani?" Sikujua. "Basi kesho tunarudi tena," akasema. Tulirudi siku mbili. Mwenye nyumba alianza kunung'unika juu ya pombe yake.

Nilikaa naye miaka minne. Alinifundisha sakafu ya udongo na kinyesi cha ng'ombe, namna ya kuisugua kwa jiwe la mtoni mpaka inang'aa kama ngozi ya mtu aliyepakwa samli. Alinifundisha kuchanganya majivu na udongo mweupe. Hakunifundisha kujisifu. Hilo nilijifunza mwenyewe.

Kutoka kwake nilikwenda misheni, kwa bruda Mzungu aliyekuwa akijenga nyumba za mapadri. Kwake nilipata pimamaji, timazi, brashi za manyoya na chokaa ya kuchujwa kwenye kitambaa. Mara ya kwanza nilipoweka pimamaji juu ya sakafu niliyoisugua mwenyewe, kitone cha hewa kilikimbilia pembeni kama panzi. Bruda alitazama kile kitone, akanitazama mimi. Tangu siku hiyo nilianza kuona kila kitu cha nyumbani kwetu kuwa kimepinda.

Nawaambieni niliyopenda, msije mkadhani fundi hana mapenzi yake. Nilipenda ukuta mweupe wenye ukanda wa udongo mwekundu kuanzia kiunoni kwenda chini, ili mikono ya watoto na pembe za mbuzi zisiache ushahidi. Nilipenda dirisha moja kubwa la upande wa mashariki kuliko madirisha matatu madogo. Nilipenda nafasi tupu katikati ya chumba. Sikupenda viti vilivyopangwa ukutani kama wenyeji wote wanangojea kusomewa kesi. Sikupenda picha za magazeti zilizobandikwa kwa uji. Vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, kila meza, hata juu ya mtungi wa maji, nilivichukia kimoyomoyo na nikavisifu kwa mdomo, maana aliyevifuma alikuwa amesimama karibu nami.

Zaidi ya yote, kufikia miaka ile baada ya vita, kahawa ilipopata bei na watu wakaanza kujenga nyumba za pembe nne za mabati, nilichukia viambaza vya matete. Niliona vinakusanya vumbi na mende, vinakata chumba vipande vipande, vinanukia moshi wa zamani. Kila nilikoitwa, kitu cha kwanza nilichosema ni, "Hiki tukiondoe." Watu walikubali. Fundi aliyefanya kazi misheni akisema, nani abishane naye? Nyumba ngapi nilizifungua hivyo sijui. Moja ndiyo inayonifanya niandike.

Bwana Stefano alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu mwema, Mkristo, mwenye sauti kubwa. Nyumba yake ilikuwa mlimani, si mbali na Bugene. Alikuwa ameijenga ya matofali mabichi na mabati, lakini ndani alikuwa ameihamishia vitu vya msonge wa marehemu baba yake, pamoja na kiambaza kirefu kilichoanzia kwenye kitanda cha mama yake, kikapita kando ya meko, kikaishia mlango wa nyuma. Mama huyo aliitwa Bibi Kokugonza. Macho yake yalikuwa yamekufa miaka mingi. Mkewe Stefano alikuwa Paulina, binti wa watu wa Kaisho, mwanamke wa maneno machache, mwenye watoto watatu, Deo, Marieta, na wa mwisho bado ananyonya.

Mdogo wake Stefano alikuwa anaoa, na wageni wa upande wa bibi harusi wangepokelewa pale. Stefano akaniita. Siku iliyofuata yeye alikuwa anakwenda Bukoba kupeleka kahawa.

"Fundi Yoeli," akaniambia, "nakuachia nyumba. Fanya unavyojua, wageni wakiingia washike midomo. Ila jambo moja. Mama yangu haoni. Lolote linalomgusa yeye, uliza hapa nyumbani kwanza."

"Nimesikia, bwana," nikamjibu. Na nilikuwa nimesikia.

Bibi alipelekwa kwa binti yake aliyekaa jirani ili vumbi lisimsumbue, lakini mchana wa kwanza alikuwa bado yuko chumbani kwake akingojea kuchukuliwa. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya kile kiambaza na kisu changu. Paulina akaja, amebeba mtoto mgongoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama."

"Nimeona umeshika kisu. Naomba nikwambie. Hiki kiambaza ndiyo fimbo ya mama. Akiamka hushika hapa kwa mkono wa kushoto, anafuata mpaka mekoni, anafuata mpaka mlangoni. Hahitaji mtu. Ukikitoa atatembeaje?"

Nilimweleza habari za mwanga. Nilimweleza kwamba chumba kimoja kikubwa ni bora kuliko vichochoro viwili, na mlango wa nyuma nitauhamishia upande wa pili, na nje yake nitaweka ngazi mbili za saruji. Nilisema kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Nimeelewa," akasema. "Lakini yeye hatauona huo mwanga."

"Bibi atazoea. Watu huzoea."

"Basi ngoja baba Deo arudi, umuulize."

Hapo ndipo nilipomwambia neno ambalo hata sasa nikilikumbuka nainamisha kichwa nikiwa peke yangu. Nilimwambia, "Mama, nyumba hii nimeachiwa mimi au wewe?"

Paulina akamweka mtoto sawa mgongoni, akaenda kumtoa bibi chumbani.

Nilikikata kiambaza. Nilipokikunja, niliona mwisho wa safu vile vifundo vidogo vyenye mkia uliolala kushoto. Nikakaa nacho mapajani kitambo. Katabaro alikuwa amekufa miaka kumi iliyopita. Nilijua ni kazi yake, nilijua alikaa ndani ya msonge ule siku mbili au tatu akiangalia watu kabla hajakata tete moja. Kisha nikakitoa nje, nikawasha moto, nikachemshia gundi ya rangi. Matete makavu yanawaka vizuri sana.

Kazi ilinichukua wiki tatu. Siwezi kuwadanganya, ilipendeza. Ukuta mweupe, ukanda mwekundu, mapazia ya kaniki niliyoyapiga pindo la manjano, sakafu ya saruji iliyopigwa mstari wa uzi, kabati la vyombo pale lilipokuwa meko, meko nimeyapeleka kibanda cha nje. Stefano aliporudi alisimama mlangoni akavua kofia, kama mtu anayeingia kanisani. Aliniita ndugu yake.

Bibi alirudishwa jioni ya kuamkia siku ya wageni. Paulina alimwongoza kwa mkono, akamgusisha kabati, akamgusisha ukuta, akamwonyesha mlango ulipo sasa, akamhesabia ngazi. Bibi aliuliza, "Kiko wapi kiambaza cha mume wangu?" Nilikuwa pale. Paulina akajibu, "Kimepumzishwa, mama," wala hakunitazama.

Asubuhi nyumba ilijaa. Paulina alikuwa kibandani anachemsha maji, anamenya ndizi, anaitwa huku na huku. Bibi Kokugonza aliamka kama alivyoamka maisha yake yote, bila kumwita mtu. Alinyoosha mkono wa kushoto, hakukuta kitu. Waliomwona wanasema alitembea mkono ukiwa umenyooka hewani, akagonga kabati, vyombo vikalia, akashtuka, akageuka, akakuta uwazi wa mlango, akatoka. Ngazi hakuzihesabu. Mimi nilisikia kishindo, kisha nikasikia sauti ambayo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuitoa.

Nyonga ilivunjika. Aliitwa mwunga mifupa, akashika, akatikisa kichwa. Bibi alilazwa chumbani akilia kwa sauti ya chini. Wageni walisimama sebuleni kwangu, ndani ya weupe wangu, hawajui wakae au waondoke.

Stefano alitoka chumbani kwa mama yake, uso umembadilika.

"Paulina!" akaita. "Wewe ulikuwa hapa. Ulijua mama anatembea kwa kushika. Kwa nini hukumwambia fundi?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambia?"

"Siku ya kwanza. Nilimwambia kiambaza ndiyo fimbo ya mama. Nikamwomba akungojee. Muulize."

Stefano akanigeukia. Walikuwapo wageni, walikuwapo wazee wawili niliokuwa nimeahidiana nao kazi, alikuwapo mtu wa Murongo aliyekuwa ameniambia asubuhi ile ile kwamba anataka nyumba kama hii hii.

"Fundi, uliambiwa?"

Swali lilikuwa fupi, na jibu lake lilikuwa fupi. Ningesema ndiyo, yangeisha. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu, tulivu, ya mtu wa misheni:

"Bwana Stefano, kazi ilikuwa nyingi. Sikumbuki kuambiwa neno kama hilo."

Paulina alinitazama. Alikuwa na unga wa ulezi mikononi, akaufuta kwenye khanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Wanawake wa upande wa bibi harusi wakaguna. Stefano mwenyewe alijua mama yake haoni, na yeye ndiye aliyeiacha nyumba na kwenda Bukoba. Lakini mtu anayetafuta wa kumlaumu haanzi na kujitazama, na mimi nilikuwa nimempa wa kumlaumu, tayari amesimama mbele yake.

Juma lile lile Paulina alirudishwa kwao Kaisho. Mtoto anayenyonya alikwenda naye, wakubwa wawili, Deo na Marieta, walibaki. Nilikuwa uani nakusanya mbao zilizobaki alipopita na mzigo kichwani. Ningefurahi kama angenitukana. Alisimama, akapiga goti kidogo kama adabu inavyotaka kwa mtu aliyekuzidi umri.

"Kwaheri, fundi," akasema.

"Kwaheri, mama," nikamjibu, nikaendelea kuhesabu mbao.

Nyumba ya Stefano ilinitangaza. Watu walitoka Kituntu na Nyaishozi kuja kuitazama, na kwa mwaka mzima sikukosa kazi. Nilipaka, nikatundika, nikapima. Nilikuwa nikirudi kwangu nakula vizuri na silali vizuri. Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa, nikamwambia ni chokaa, imenikaa kifuani.

Kisha Bibi Kokugonza akanitumia mtu. Nilikwenda Stefano akiwa shambani. Bibi alikuwa kitandani, amekuwa mdogo kama mtoto, amefunikwa rubugo, shuka lile la gome la mti walilolipenda wazee. Tangu siku ile hakusimama tena.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Yoeli?"

"Ndimi."

"Kaa. Siku ile ulipomjibu mkamwana wangu, mimi nilikuwa chumbani. Macho yamekufa, masikio bado. Ulimwambia, 'Nyumba hii nimeachiwa mimi au wewe?' Si ndivyo?"

"Ndivyo, bibi."

"Nimemwambia mwanangu. Nimemwambia mara nyingi. Anasema, 'Mama, unampenda Paulina, unamtetea.' Watu wawili tumesema, mimi na Paulina, na wewe mmoja ukasema, na mwanangu akakuamini wewe. Kwa sababu wewe unapima kwa vyombo." Akapumzika kidogo. "Wajukuu zangu wanapikiwa na shangazi. Marieta ameacha kuzungumza na watu. Sikukuita uniombe radhi ya mguu. Mguu ni wangu na nilikuwa nimeshautumia. Kamwambie Stefano ukweli."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Nitamwambia, bibi. Jumapili baada ya misa."

"Webale," akasema, yaani asante. Alinishukuru, mtu yule.

Jumapili nilikwenda misa. Baada ya misa Stefano alinishika mkono mbele ya watu, akamwambia yule mtu wa Murongo, "Huyu ndiye fundi wangu, mkamate kabla hajachukuliwa." Watu wakacheka, mimi nikacheka. Jumatatu nilifunga mizigo nikaenda Murongo. Niliikubali ile safari kwa sababu ilikuwa mbali, na huo ndio ukweli wake wote. Nyumba ya yule mtu wa Murongo ilikuwa karibu na kivuko cha Kagera, na pale nilikaa miezi mitatu nikipaka kuta rangi ya maziwa, huku nikijiambia kila jioni kwamba nikirudi tu nitasema.

Niliporudi, wanawake niliokutana nao njiani walikuwa wamejifunga kamba za migomba kiunoni. Nikauliza msiba ni wa nani. Wakaniambia ni wa mama yake Stefano.

Nilikwenda moja kwa moja, na mzigo wangu begani. Watu walikuwa wamejaa uani na sebuleni. Na kule pembeni, nje ya ua, ameketi chini ya migomba peke yake na mtoto ambaye sasa alikuwa anatembea, nikamwona Paulina. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Kaisho kumlilia mama mkwe wake, na shangazi walikuwa wamemwambia kwamba aliyemwua marehemu haingii kumlilia. Marieta alikuwa amesimama katikati ya ua, kati ya mama yake na nyumba, hajui aende wapi.

Sikuwa na ujasiri hata siku hiyo, msinisifu. Miguu ndiyo iliyonipeleka. Niliingia sebuleni, Stefano alikuwa ameketi sakafuni na wazee wa ukoo.

"Pole, bwana Stefano," nikasema. "Nina neno, na nitalisema hapa hapa, maana hapa ndipo niliposema uongo."

Wazee wakainua vichwa.

"Mkeo aliniambia. Siku ya kwanza, kabla sijakata. Aliniomba nikungojee. Mimi nikamtukana. Uliponiuliza mbele ya wageni nikakana. Mama yako aliniita kabla hajafa, akaniambia nije nikwambie. Nikaahidi, nikakimbilia Murongo."

Nje mtoto alikuwa akiita, "Marieta, Marieta."

"Kwa nini?" Stefano akauliza. Ile sauti yake kubwa haikuwapo.

"Niliogopa watu wasiniite tena kazini."

"Kwa hilo tu?"

"Kwa hilo tu."

Nilingoja anipige. Mzee mmoja alisema nitolewe. Stefano akamzuia kwa mkono, akasimama, akashika ukuta. Alipita karibu yangu bila kunigusa, akatoka uani, akapita katikati ya watu wote mpaka kwenye migomba. Sikusikia alichosema. Niliona amepiga magoti mbele ya mkewe, yeye mwenye nyumba, siku ya msiba wa mama yake, na Paulina ameangalia pembeni kwa muda mrefu. Mwishowe akasimama, akamshika Marieta mkono, wakaingia ndani kulia. Hakumshika Stefano.

Wazee wa pande mbili walikaa, faini ikatolewa, Paulina akarudi nyumbani kwake kabla ya mavuno. Stefano hakunisemesha tena. Habari ikaenea, na wengi wakaacha kuniita. Nilichokiogopa kikanipata, na sikufa. Niliuza baiskeli, nikalima migomba, nikapaka vyumba vya walimu na zahanati na nyumba za watu wasiokuwa na habari.

Tangu hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Ninaingia kwenye nyumba ya mtu, nafumba macho, namwomba anitembeze. Naketi mahali anapoketi aliye dhaifu kuliko wote. Nauliza maswali mpaka wenye nyumba wanaona fundi huyu hajui kazi. Waacheni waone hivyo. Kiambaza cha matete sikukipenda tena wala sikukichukia tena, nikaacha kukipima kwa mapenzi yangu. Mapenzi yako ni ya nyumba yako.

Ninyi mmekuwa mkinisifia uvumilivu huo, mkaniita mtu mwenye hekima. Ndiyo maana nimeandika. Sikuupata kwa hekima. Niliununua kwa mguu wa mtu mwingine, na kwa karibu miaka miwili ya mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeshafundishwa bure, na Katabaro, nikiwa na ndevu za kwanza.

Kazi yangu ya mwisho niliifanya mwaka huu. Marieta, ambaye sasa ni mwalimu, alikuja kwangu akasema mama yake ananiita. Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikwenda na kipimo changu na shati safi, na njia nzima nilipanga maneno.

Paulina alinipokea uani. Ana mvi sasa. Mama yake mzazi, mgonjwa wa miguu, alikuwa anahamia kutoka Kaisho kuja kukaa naye, na chumba chake kilikuwa kimejengwa nyuma, kuta tupu, bado kinanuka udongo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Mama Paulina, kabla ya yote..."

"Najua unachotaka kusema. Ulikisema msibani, watu wote walisikia. Nimekuita kwa sababu unajua kazi."

"Sikukuomba radhi wewe mwenyewe. Nilisema na Stefano tu. Nakuomba wewe."

Akatoa kijiti kilichokuwa kwenye nywele za mjukuu aliyekuwa amemshika sketi, akakitupa.

"Nilishakusamehe kanisani," akasema. "Padri alisema tusamehe, nikasamehe. Nyumbani bado."

Maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa ya mtu aliyesamehewa au ya mtu aliyefukuzwa, na mimi sikuwa yeyote kati ya hao. Akatangulia kuingia kwenye kile chumba, nikamfuata. Nikakunjua kipimo, nikatoa penseli sikioni.

"Mama yako analalia upande gani?" nikamuuliza.

Akanijibu. Nikaandika.

"Na akiamka, anaanza kushika wapi?"

Akaniambia na hilo, akaonyesha kwa mkono. Nikaliandika vile vile alivyolisema, nikamsomea, akanisahihisha mahali pawili.